Mwelekezaji Amesimama Wapi?

Mswada ulikuwa mwembamba: kijitabu cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii, sura ya kuhara kwa watoto wadogo. Daktari kijana aliyeuandika alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, akisubiri kuambiwa kwamba kazi yake ni safi. Mhariri akafika kwenye sentensi iliyosema "Mfundishe mama kuchanganya ORS", yaani ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, akaisoma kwa sauti, akairudia polepole, kisha akauliza swali ambalo sisi wa ofisini tulikwishalizoea: "Huyu mhudumu wako amesimama wapi?"

Daktari akadhani hakusikia vizuri. "Amesimama wapi kivipi, Mwalimu?"

Wote tulimwita Mwalimu, maana alifundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, ndipo akaingia kwenye uhariri. Kalamu nyekundu hakuwa nayo. Alitumia penseli, akiandika pambizoni kwa herufi ndogo, na mara nyingi alichoandika kilikuwa swali. Wahariri wanaomzidi kwa sarufi nimewaona. Sijamwona aliyemfikia katika kutofautisha maneno yaliyokaribiana mno hata watu wakayachukulia kuwa mamoja, hasa maneno ya kumwonyesha mtu njia, ya kumpa ujuzi, ya kumwambia afanye nini. Katika vitabu vya maelekezo maneno hayo ndiyo yanayobeba mzigo wote, na ndiyo ambayo waandishi wengi huyapita mbiombio.

"Ukisema amfundishe," akamwambia daktari, "mimi nawaona wamekaa. Mhudumu anaongea, mama anaitikia ndiyo, ndiyo, na mtoto analia mgongoni. Akifika nyumbani atakumbuka nini?"

Daktari akajaribu "amweleze". Likawa baya zaidi, kwani kueleza ni kazi ya mdomo mtupu. Akajaribu "amwelekeze". Mwalimu akalitafuna kidogo, akalikataa nalo. Mwishowe sentensi moja ikazaa mbili: "Mwonyeshe mama jinsi ya kuchanganya pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi na salama. Kisha achanganye mwenyewe, wewe ukimtazama." Kilichobadilika ni kitenzi, lakini ghafla mhudumu akawa ameinuka kitini, ana jagi mkononi, na mama naye ana kijiko.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na jambo zito kuliko hilo. Mtoto akilegea, macho yakidumbukia ndani, akishindwa kunywa, kijitabu kilisema: "Mwelekeze mama zahanati." Hapo Mwalimu aliweka penseli chini. "Mtu akielekezwa, aliyemwelekeza anabaki mlangoni. Ndivyo unavyotaka?" Daktari akajitetea kwamba wahudumu hawa ni wa kujitolea, vituo viko mbali, nauli hawapewi, kwa hiyo huwezi kuwaagiza wamsindikize kila mgonjwa. "Sawa," akajibiwa, "lakini sasa ndiyo tunajua. Mwanzo ulikuwa umelifunika kwa neno." Walibishana mpaka chai ikapoa. Wakatoka na maneno haya: "Mpe rufaa aende zahanati saa hiyohiyo. Kama hana wa kumsindikiza, mtafutie mtu." Daktari akarudi kwa wenzake akiwa na swali la nauli ya huyo mtu wa kutafutwa, kwani mradi ulikuwa haujalitengea fungu.

Kiswahili kimejaaliwa maneno ya ukoo huu. Tunafunza, tunafundisha, tunafunda, tunasomesha, tunaelimisha. Tunaelekeza, tunaonyesha, tunaongoza, tunaongoa. Tunashauri na kunasihi, tunausia, tunaasa, tunaonya, tunakanya. Na anayetaka kutumia cheo chake ana kuagiza na kuamuru. Fungua kamusi, hata hii Kamusi ya Kiswahili Sanifu ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa toleo lake la kwanza mwaka 1981, uone taabu ya mtunga kamusi: nafasi yake ni mstari mmoja au miwili, hivyo analazimika kulifafanua neno kwa msaada wa jirani yake. Simlaumu. Kazi yake ni kukufikisha mtaani, nyumba utaitafuta mwenyewe.

Mwalimu alikuwa na desturi ya kulivua neno viambishi ili aone limetoka wapi. Onya, alisema, chimbuko lake ni ona: kumwonya mtu ni kumfanya aone. Neno lilipobaki na maana ya tahadhari tu, lugha ikaongeza kiambishi kingine ikapata onyesha. Funza na fundisha yote ni watoto wa funda. Elekeza limejengwa juu ya elekea, kwa hiyo unachomfanyia mtu ni kumgeuza uso upande anaotakiwa kwenda, na miguu inabaki kuwa yake. Wapo watakaosema hiyo ni historia, na msomaji wa leo haijui. Kweli haijui, ila sikio lake linaijua. Mwambie mtu yeyote wa Tanga au Morogoro "alinielekeza mpaka nyumbani kwake", atakuuliza papo hapo: alikupeleka, au alikuambia njia?

Anayetaka kuona elekeza na ongoza zikiwa kazini aende Kariakoo asubuhi, lori linapoingia kinyumenyume uchochoroni kushusha mzigo. Utingo anaruka chini, anakimbilia nyuma, anajipanga pale ambapo dereva atamwona kwenye kioo. Kiganja chake kinapiga bodi la gari. "Rudi, rudi, rudi... kata kulia... nyoosha... rudi... hapohapo!" Dereva ana leseni na umri wa kumzaa huyo kijana, lakini kwa dakika hizo chache hana macho ila ya utingo. Wakigonga kibanda cha mtu, mwenye kibanda atamshika dereva, na dereva atamgeukia utingo. Pembeni, muuza kahawa ameulizwa na mgeni Mtaa wa Msimbazi uko wapi. Ananyoosha mkono: shika njia hii, ukifika kwenye taa pinda kushoto. Akimaliza anarudi kwenye birika lake, na mgeni akipotelea Gerezani hilo ni lake peke yake.

Muuza kahawa ameelekeza, utingo ameongoza. Hapa, hata hivyo, kuna jambo linalowatatanisha wengi. Tumezoea kusema kiongozi ni yule aliye mbele. Utingo yuko nyuma kabisa. Mwongoza ndege amekaa mnarani, hasogei hatua hata moja, na bado hakuna anayemwita mwelekeza ndege. Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895 ambao mgeni haruhusiwi kuupanda bila mwongozaji mwenye leseni, huyo mwongozaji pengine utamkuta mkiani, anatembea na mchovu kuliko wote. Taa za barabarani tunaziita taa za kuongozea magari, na zikizimika askari wa usalama barabarani anaingia katikati ya njia panda kuongoza magari bila kutamka neno. Wote hawa wanaungana kwa dhamana: anayeongozwa anajongea kwa ishara yangu, na akiharibikiwa nitajibu. Ndiyo maana swali la Mwalimu lilikuwa na nusu ya pili, aliyoitoa pale tu mwandishi alipokuwa mbishi: "Na akipotea, ataulizwa nani?"

(Rubani naye ni wa ukoo huu. Kabla hatujampa ndege alikuwa mtu wa bahari, anayepanda chombo kigeni na kukiingiza bandarini kwa sababu anajua miamba na mikondo ya pale. Mombasa na Dar es Salaam marubani wa meli wapo mpaka leo, na nahodha wa meli kubwa, pamoja na ukubwa wake wote, huwasikiliza.)

Walioandika siasa zetu waliujua uzito wa jambo hili. Mapema katika karne iliyopita shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ilichapa gazeti, likaitwa Kiongozi. Unguja, kabla ya Mapinduzi ya 1964, kulikuwa na gazeti la Mwongozi. Na Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, chama cha TANU kikatoa waraka ulioitwa Mwongozo. Mzizi ni mmoja, lakini tazama kiambishi cha mwisho kinavyofanya kazi. Ile -i ya kiongozi na mwongozi inamtaja mtenda, mtu au gazeti linalojipa nafasi ya mtu. Ile -o ya mwongozo inakitaja kitu, na kitu chaweza kushikwa na yeyote. Ndivyo ilivyotokea. Waraka huo ulikuwa na ibara iliyowakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi viwandani wakaushika mkononi, wakawasomea mameneja wao, na migomo ikafuata katika miaka miwili iliyofuata. Ungeitwa Amri ya TANU, au Maagizo ya TANU, ungekuwa mali ya aliyeutoa. Kwa kuwa ulikuwa mwongozo, uliweza kumgeukia hata kiongozi mwenyewe. Sidhani waandishi wake walikusudia yote hayo, ila neno walilichagua vizuri.

Bungeni Dodoma neno hilo lina kazi yake maalumu. Mbunge anasimama, anasema anaomba mwongozo wa Spika, na kikao kizima kinasubiri Spika aseme lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi. Haombi ushauri wala maelekezo. Anaomba uamuzi wa mtu atakayewajibika kwa kanuni.

Ambapo siridhiki ni kwenye haya maelekezo yaliyojaa katika hotuba za siku hizi. Ofisa anasimama mbele ya kamera na kusema "nimeelekeza barabara hii ikamilike ifikapo Juni", na gazeti kesho yake linaandika "aelekeza". Hajaelekeza chochote. Ameamuru, au kwa upole zaidi ameagiza. Amri imevalishwa neno elekeza kwa sababu linasikika la kiungwana, lakini linakuja na tabia yake ileile ya muuza kahawa: msemaji ananyoosha mkono, kisha anarudi kwenye birika. Juni ikifika barabara haijakamilika, yeye alikwisha kutoa maelekezo. Agiza lingembana zaidi, maana anayeagiza husubiri kuletewa, awe ameagiza chai mgahawani au gari kutoka Japani. Waandishi wa habari wangeweza kutusaidia hapa kama wangeacha pia kuwafanya wageni rasmi wote "wawaase vijana". Kuasa ni neno la mtu aliye karibu, mjomba au shangazi, anayekutazama usoni akikuzuia na jambo baya. Mtu aliyekuja na msafara akakaa nusu saa hana ukaribu huo.

Kufunda ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo.

Shuleni mtoto anafundishwa, unyagoni mwali anafundwa. Huwezi kubadilishana. Kufundisha kuna somo la leo na la kesho, na mtihani mwishoni. Kungwi hana ubao. Ana ngoma, nyimbo, mafumbo, na mwili wake mwenyewe anaoutumia kuonyesha. Na kile anachokitia kwa mwali hakitolewi nje ya ukumbi. Bi Kidude, Fatma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kwa unyago na ngoma zake. Neno lenyewe linapenda kutendwa. Husikii sana "nitamfunda" kwa mdomo wa kungwi, unasikia "amefundwa" kwa mdomo wa watu, wakimtazama mke wa mtu anavyopokea wageni. Na tusi lake ni la kinyume: hakufundwa. Hilo haligusi shule aliyosoma wala shahada alizonazo. Linamgusa mama yake, shangazi yake, somo yake. Methali nayo ilijua inachofanya iliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Weka "asiyefundishwa" hapo usikie jinsi inavyogeuka kuwa habari ya karo.

Kuusia kunakaa upande mwingine kabisa. Anayeusia yuko njiani kuondoka, safari au mauti, na hatakuwepo kuulizwa alikusudia nini. Kwa hiyo wasia sharti ujitosheleze. Mwana Kupona binti Msham wa Siu, kisiwani Pate, alijua hivyo mwaka 1858 alipomtungia binti yake utendi akiwa mgonjwa. Jambo la kwanza anamwita mtoto aje na wino na karatasi, maana maneno ya anayeondoka hayaachwi kwenye kumbukumbu tu. Kisha anaendelea kwa beti zaidi ya 100, akipita kutoka dini kwenda adabu, kutoka adabu kwenda mume na nyumba. Leo kuna mengi ya kubishana naye juu ya huyo mume. Juu ya ufundi wa kuusia sina la kumwongezea. Angekuwa anamshauri tu, binti angeweza kusema "nitalifikiria". Wasia haujibiwi hivyo.

Shauri nalo limewahi kupata mwenza. Miaka ya UKIMWI ilipotulazimisha kutafuta jina la mazungumzo yale ya kabla na baada ya kupima, tulipata ushauri nasaha. Ukilitazama kwa haraka ni kurudia, lakini nadhani kuna akili ndani yake. Ushauri peke yake ungeweza kuwa wa kilimo au wa biashara. Nasaha peke yake ingenuka kikao cha wazee na kidole kinachotikiswa. Yakikaa pamoja, la kwanza linamwachia mgonjwa uamuzi wake, la pili linamhakikishia kwamba anayesema naye anamtakia heri. Sijui neno jingine la hospitali lililopimwa vizuri kama hilo.

Nirudi kwenye meza ya uhariri, kwa sababu kuchagua neno kulikuwa nusu tu ya kazi. Sura ya ORS ilipokamilika, Mwalimu alimwita dada wa usafi, akampa kijitabu, pakiti na chupa tupu za maji zilizokuwa jikoni. "Fanya kilichoandikwa, mwanangu. Usiniulize mimi, kiulize kijitabu." Dada akasoma, akachukua chupa moja kubwa, akaijaza mpaka shingoni, akamimina unga. Ilikuwa chupa ya lita moja na nusu. Daktari akataka kumsahihisha, Mwalimu akamzuia kwa mkono. Dada hakukosea. Nyumbani kwake, kama nyumbani kwetu wengi, chupa ya maji ni chupa ya maji, na kijitabu kilisema lita bila kusema atapimia nini. Sentensi ikarekebishwa tena: "Pima maji kwa chupa mbili za nusu lita." Na tazama kitenzi: pima. Baada ya kuhangaika na kufundisha, kueleza, kuelekeza na kuonyesha, mwisho wa yote Mwalimu aliandika kitendo chenyewe, akaondoka katikati ya msomaji na maji yake.

Huo kwangu ndio ufundi wenyewe. Anayejua tofauti za maneno haya yote anajua pia siku ya kutoyatumia hata moja. Wanafunzi wengi wa uandishi hupenda kuonyesha kwamba wanaijua misamiati, wakaweka kuelimisha pale ambapo kuambia kungetosha, na kuhamasisha kila mahali. Mwalimu aliyachukia hayo zaidi ya makosa ya sarufi. Alikuwa na mraba mdogo aliouchora pambizoni kila alipokutana na "wananchi waelimishwe", na ndani ya mraba aliandika maneno mawili: "nani? nini?" Nakumbuka miswada iliyorudi kwa wenyewe ikiwa na miraba kurasa nzima.

Kijitabu kile kilichapwa, kikasambazwa. Jalada lina nembo za wafadhili, ukurasa wa pili una jina la daktari na shukrani kwa wadau mbalimbali. Mhariri hayumo. Ndiyo kawaida yetu katika vitabu vya maelekezo, na mara nyingi hata katika riwaya na vitabu vya shule. Wachapishaji, nawaomba jambo dogo lisilogharimu hata karatasi: chini ya jina la mwandishi ongezeni mstari mmoja useme nani alihariri. Msomaji atakayetaka kujifunza kazi hii ana haki ya kujua nani wa kumuuliza.